Je, Wajua? Askari wa Kimo cha Kidole na Rangi za Vita vya Newala

Ukiwauliza wazee wa kale wa Uwanda wa Makonde mtu wa kwanza alitoka wapi, jibu lao lilikuwa fupi: mmoja alitoka porini, mwenzake alichongwa. Kisa hicho alikiandika Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, aliyezunguka Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta mwaka 1906. Katika vichaka vizito vya Mahuta alitokea mwanamume asiyeoga wala kunyoa, anayekula na kunywa kidogo tu. Akachonga sanamu ya mtu kwa mti, akaipeleka kwake, akaisimamisha wima. Usiku sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wakashuka Ruvuma kuoga, mama akajifungua mtoto mfu. Wakahamia bonde la Mbwemkuru, yakawa yale yale. Waliporudi juu Mahuta, mtoto wa tatu akaishi, na uzao wake ndio Wamakonde.

Nimeanza na sanamu hiyo kwa sababu makala haya yanahusu watu wadogo wa kuchongwa. Ukimwambia mtu wa hapa Chiungutwa kwamba huko Uingereza kuna wazee wazima wanaokesha wakiwapaka rangi askari wa kimo cha kidole wa kuchezea vita mezani, atacheka. Mwambie kwamba baadhi ya askari hao ni wale wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyopita hapa hapa, kati ya Masasi na Newala, atanyamaza kidogo. Kisha atauliza: sasa wanajuaje walivaa rangi gani? Ni swali zuri kuliko yote yanayoweza kuulizwa kuhusu mchezo huu, na wachezaji wenyewe hawajamaliza kubishana juu yake.

Kimo kinapimwa hadi jichoni

Je, wajua kuwa askari anayeitwa wa milimita 28 mara nyingi huwa mrefu kuliko milimita 28? Watengenezaji wengi hupima kutoka unyayoni hadi kwenye macho, si utosini, maana utosi umefichwa na kofia, na kofia za askari hazilingani. Kwa hesabu ya jumla, askari huyo ni sehemu moja ya 56 ya mtu halisi. Wapo wadogo zaidi, wa milimita 15, na wapo wa milimita 6 ambao kikosi kizima hutoshea kiganjani.

Mchezo wenyewe ulianzia kwa majenerali, si kwa watoto. Mwaka 1812 Mprusi mmoja, von Reisswitz, alimtengenezea mfalme wake meza ya vita. Mwaka 1824 mwanawe akauboresha mchezo huo, na jeshi la Prussia likaufanya sehemu ya mafunzo ya maofisa. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyewaongoza Wajerumani katika vita vya Afrika Mashariki, alilelewa katika makao makuu ya jeshi la namna hiyo. Upande wa Uingereza ni mwandishi wa riwaya H. G. Wells aliyeuleta mchezo sebuleni. Kitabu chake *Little Wars* kilitoka mwaka 1913, kikieleza jinsi ya kupigana sakafuni kwa askari wa kuchezea na mizinga midogo inayofyatua vijiti. Mwaka uliofuata vita vya kweli vikaanza, navyo vikafika mpaka Masasi.

Askari wa Wells walikuwa wa kampuni ya Britains ya London. Tangu mwaka 1893 kampuni hiyo ilikuwa ikimwaga risasi iliyoyeyushwa ndani ya kalibu, kisha kuimimina nje kabla haijaganda yote. Askari akabaki mtupu ndani kama yai lililonyonywa, mwepesi, na wa bei nafuu. Baadaye kampuni ikatoa hata seti ya askari wa King's African Rifles, wale walioitwa na watu wa huku "keya".

Vita vilipita wapi hasa

Kwa ufupi, maana hadithi hii ina vitabu vyake. Tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 palipiganwa Mahiwa, kwenye njia ya Lindi kuja Masasi. Waingereza, ambao sehemu yao kubwa ilikuwa askari wa Nigeria na wa King's African Rifles, walipoteza watu wapatao 2,700 waliouawa, kujeruhiwa au kupotea, kati ya karibu 5,000. Wajerumani, nao sehemu yao kubwa ikiwa ni askari Waafrika, walipoteza zaidi ya 500 kati ya 1,500 hivi. Lettow-Vorbeck akahesabiwa mshindi, lakini risasi zilikuwa zimemwishia. Akarudi nyuma: Chiwata, Nambindinga, Kitangari, Newala. Huko Nambindinga akawachagua wenye nguvu na kuwaacha mamia ya wagonjwa na majeruhi wachukuliwe na adui. Tarehe 25 Novemba 1917 akavuka Ruvuma na kuingia Msumbiji, na siku hiyo hiyo akaishambulia kambi ya Wareno ya Ngomano.

Newala yenyewe ilikuwa imeshaonja vita hivyo mwaka mmoja kabla. Wareno waliitwaa mwezi Oktoba 1916, wakazingirwa humo Novemba, wakatoroka kuelekea mtoni.

Kwa mpaka rangi, kila kituo katika safari hiyo ni sare tofauti. Askari wa Kijerumani wa mwanzo wa vita, mwaka 1914, wengi walibeba bunduki za aina ya 1871 zilizotumia baruti nyeusi. Kila risasi ilitoa wingu la moshi lililomtangaza mpigaji, na ndiyo maana wachezaji makini hugundisha kishungi cha pamba mdomoni mwa bunduki za askari hao. Baada ya Ngomano pamba haihitajiki tena. Walikuta huko shehena ya bunduki, risasi na nguo za Kireno, wakazitupa zao za zamani. Kuanzia hapo askari wa Kijerumani anayebeba bunduki ya Kireno na kuvaa shati la Kireno si kosa la mpaka rangi. Ndivyo walivyokuwa.

Kaki ya mizizi ya porini

Hapa ndipo penye utamu wenyewe. Neno kaki lina asili ya Kiajemi, na lilitufikia kupitia Kihindi: khak, vumbi. Rangi ya vumbi, basi. Lakini vumbi la wapi? La Peshawar ni la manjano hafifu. La Newala ni jekundu, linaingia kwenye kola ya shati na halitoki hata ukilifua kwa sabuni ya mche mara tatu.

Wajerumani walipozuiliwa baharini na meli za Waingereza, nguo kutoka Ulaya zikakoma. Ikabidi wafume pamba kwa mikono, kwenye warsha za misheni na za vijijini. Kitambaa kilichotoka kilikuwa cheupe, na nguo nyeupe porini ni kujiuza. Wakajaribu rangi za miti. Lettow-Vorbeck anaeleza katika kumbukumbu zake kwamba mti uliofaa kuliko yote ni ule aliouita *ndaa*, uliotoa kaki ya hudhurungi na manjano, isiyoonekana kwa urahisi kwenye kichaka.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kumtambua huyu ndaa. Ni mdaa, ule ule ambao mafundi wa mikeka wa pwani wanachimba mizizi yake kutia ukindu rangi. Kwa hiyo sare za jeshi la Kaisari katika miaka ya mwisho zilikuwa na ukoo mmoja na mkeka wa bibi yangu. Na kila pipa la rangi lilitoka kivyake: maji tofauti, mizizi tofauti, saa tofauti motoni. Mpaka rangi anayewapaka askari 30 wote kaki moja kutoka kopo moja, nadhifu, amewaonea. Wanaojua huchanganya kaki tatu au nne, wakazitapanya miongoni mwa askari wao kama nguo zilizoanikwa na nyumba mbalimbali.

 

Picha za kale zinasema uongo

Utasema: si kuna picha? Zipo, tena nyingi. Walther Dobbertin, mpiga picha aliyekuwa Dar es Salaam tangu mwaka 1906, alipiga mamia ya picha za askari, wapagazi na mizinga, nazo leo zimo katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani na mtu yeyote anaweza kuzitazama. Shida ni kwamba picha nyeusi na nyeupe za wakati ule hazikuona rangi kama jicho linavyoona.

Vioo vya picha vya miaka ile vilivyotumika sana vilihisi mwanga wa bluu na kijani, lakini vilikuwa vipofu kwa nyekundu. Chochote chekundu kilitoka cheusi. Chochote cha bluu kilitoka cheupe au kijivu hafifu, na ndiyo sababu mbingu za picha hizo hazina mawingu. Sasa fikiria kisa cha mpaka rangi. Askari wa Kijerumani walizungushia miundi yao vitambaa, na vitambaa hivyo mara nyingi vilikuwa vya bluu. Pichani vinaonekana vimepauka. Anayeifuata picha kwa uaminifu anawapaka rangi ya mchanga, na anakosea kwa sababu ya uaminifu wake. Tarbushi nyekundu ya mtu aliyesimama kando inatoka nyeusi tii. Udongo mwekundu wa Newala unatoka kama mkaa, kana kwamba watu wamesimama kwenye tanuri. Na ngozi zetu, zenye wekundu mwingi ndani yake, zikatoka nyeusi kuliko zilivyokuwa. Ukikuta picha ya babu yako ya enzi hizo ukashangaa mbona mzee alikuwa mweusi kuliko ukoo wote, mlaumu kwanza kioo.

Wapo waliojaribu rangi mapema. Kabla ya vita, Robert Lohmeyer na wenzake walitumwa kwenye makoloni ya Ujerumani wakiwa na mbinu ya kupiga picha mara tatu kupitia vichujio vitatu, chekundu, kijani na bluu, kisha kuziunganisha kwenye uchapaji. Kitabu chao kilitoka mwaka 1910. Lakini mtu wa kupigwa picha mara tatu lazima atulie kama mti, kwa hiyo hakuna vita vilivyopigwa namna hiyo.

Weule na mizigo yake

Yule Weule aliyeandika kisa cha sanamu alipanda Newala na kamera mbili za vioo, mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta, na kamera ya sinema iliyotengenezwa Dresden. Mwaka 1906! Watu wa uwanda huu walipigwa filamu kabla miji mingi ya dunia haijawa na jumba la sinema. Kusafisha vioo vya picha kunataka maji mengi safi, na juu ya uwanda maji ndiyo yaliyokuwa adimu. Wanawake walishuka miteremko hadi chemchemi za chini na kupanda tena na mitungi kichwani. Kila picha ya Newala ya mwaka ule, kwa hiyo, imeoshwa kwa shingo ya mwanamke fulani. Yeye hayumo pichani.

Jambo moja alilolifanya Weule nalipenda kuliko mengine: aliwapa watu penseli na karatasi. Mnyapara wa wapagazi wake, aliyejulikana kwa jina la Pesa Mbili, alikuwa miongoni mwa waliochora, na Weule akaichapa michoro hiyo kitabuni mwake mwaka 1908.

Alikusanya pia barakoa za ngoma. Hapa wachongaji wa Kimakonde wanastahili kusimama pembeni mwa wapaka rangi wa Ulaya bila kuinama. Barakoa ya mapiko huchongwa kwa mti mwepesi, mpingo haufai kwa kazi ya kuvaliwa na kuchezwa. Hupakwa rangi, hubandikwa nywele za binadamu kwa nta, na chale za usoni huinuliwa kwa nta ya nyuki zikawa mistari inayoshikika kwa kidole. Ukoloni ulipoingia, wachongaji wakaweka na sura mpya: Mzungu mwenye kofia, askari, karani. Mchezaji akivaa sura hiyo anatembea kama bwana mkubwa, na watu wanavunjika mbavu.

Uso mweusi, chokoleti na meza za mbao

Kwa miaka mingi wapaka rangi wa Ulaya walikuwa na dawa moja kwa nyuso za Waafrika: hudhurungi ya kopo, basi. Mnigeria wa Mahiwa, Mmakua wa Masasi na Mnyamwezi wa Tabora wote wakatoka na sura moja, kama viatu vya duka moja. Wachoraji wazuri wa sasa huanza na hudhurungi nzito inayokaribia weusi, kisha huinua paji la uso, mfupa wa pua na mashavu kwa rangi zenye wekundu au uchungwa. Kosa la kawaida ni kuongeza nyeupe ili kupata mng'ao. Nyeupe haing'arishi uso mweusi, inaupaka majivu. Mama yeyote wa hapa anayempaka mtoto mafuta kabla ya kwenda kanisani au madrasa angewaambia hivyo bure.

Kamera nazo zilikuwa na kasoro hiyo hiyo. Kwa miongo kadhaa, maabara za picha za rangi zilisawazisha mitambo yao kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu. Rangi zake zikitoka sawa, kazi ni njema. Watu weusi wakabaki na meno na macho tu pichani. Waliosaidia kuifanya kampuni ya Kodak irekebishe filamu zake hawakuwa wapigania haki. Walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba filamu haitofautishi chokoleti nyeusi na ya maziwa, wala mbao moja na nyingine.

Kosa hilo bado limo ndani ya simu yako kwa namna nyingine. Kamera hudhani kwamba ukichanganya kila kilicho mbele yake utapata kijivu cha katikati. Mweke askari mdogo mweusi mbele ya karatasi nyeupe: simu inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, na askari anageuka kivuli. Dawa ni rahisi. Tumia karatasi ya kijivu au bluu iliyofifia, au gusa uso wa askari kwenye kioo cha simu kisha uongeze mwanga kwa kidole.

Ardhi ya chini ya miguu

Kila askari husimama kwenye kitako kidogo, na kitako hicho hupakwa gundi na kunyunyiziwa mchanga na majani bandia. Kwa "Afrika" wengi hutumia manjano: nyasi kavu, mti mmoja wa mgunga, labda na simba. Hiyo ni Serengeti. Uwanda wa Makonde ulikuwa kichaka kilichosukana, ambacho mtu hupita kwa panga na haoni hatua kumi mbele. Ardhi ni nyekundu. Na sisi wa hapa tusijivune mapema, maana tungekosea upande wa pili: tungepanda mikorosho kila mahali. Mkorosho uliletwa na Wareno pwani karne nyingi zilizopita, lakini mashamba makubwa tunayoyaona leo njia nzima ya Masasi hadi Newala ni ya kuanzia miaka ya 1940. Askari wa 1917 hakupumzika kivulini mwake kama tunavyopumzika sisi.

Vanishi

Rangi ikikauka lazima ifunikwe kwa vanishi, la sivyo vidole vya wachezaji vitaimaliza. Karne ya 19, vanishi bora duniani zilitengenezwa kwa sandarusi, utomvu wa msandarusi uliochimbwa ardhini katika pwani yetu na kupitishwa Zanzibar kwenda Salem, Massachusetts. Magari ya farasi ya matajiri wa Marekani yaling'aa kwa utomvu wa huku. Na leo mafuta ya ganda la korosho, yale yanayobabua ngozi ya mbanguaji na kumwachia madoa vidoleni, hutumika viwandani kutengenezea rangi na vanishi. Usijaribu nyumbani. Nilijaribu nikiwa mdogo, kwenye gari la waya. Gari lilibaki vile vile, mimi ndiye niliyechubuka.

Na brashi? Zinazosifiwa zaidi zina manyoya ya mkia wa mnyama mdogo wa Siberia wa jamii ya vicheche. Aina moja maarufu, Series 7 ya Winsor & Newton, ilitengenezwa mwaka 1866 kwa ajili ya Malkia Victoria. Wanaitumia kupaka mboni ya jicho lisilozidi punje ya mtama.

Askari wa risasi huugua. Wakihifadhiwa kwenye kabati la mbao za mwaloni, mvuke wa tindikali unaotoka kwenye mbao huwala polepole, na mwili unageuka unga mweupe. Wale waliopona Mahiwa wanakufa kabatini.

Meli ya anga iliyokuwa inakuja kwetu

Tarehe 21 Novemba 1917 meli ya anga ya Kijerumani, L59, iliruka kutoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa na urefu wa mita 226.5 na shehena ya tani 15 hivi: risasi, bunduki za rashasha, dawa. Ilikuwa ikielekea Uwanda wa Makonde. Haikupangiwa kurudi. Ngozi yake ya nje ingekatwa mahema, kitambaa chake cha ndani kingekatwa bandeji, na hata kinjia cha kutembelea ndani kilitandikwa ngozi ili wakifika washone viatu. Ilikuwa duka la jumla linaloruka.

Usiku wa kuamkia tarehe 23, ikiwa imevuka Misri na kufika magharibi ya Khartoum, iliitwa kwa redio irudi. Makao makuu yalikuwa yamesikia kwamba Lettow-Vorbeck hana tena uwanja wa kuipokea. Ikatua Jamboli asubuhi ya tarehe 25, baada ya saa 95 angani na kilomita 6,757, siku ile ile ambayo waliokuwa wakiisubiri, au wasiokuwa na habari nayo kabisa, walikuwa wakivuka Ruvuma.

Wachezaji wanaopenda maswali ya "ingekuwaje" wanaipenda sana meli hii, lakini hawaitengenezi kwa kipimo cha askari wao. Nimepiga hesabu: kwa sehemu moja ya 56 ingekuwa na urefu wa mita nne na ushee. Hakuna meza.

Mchezo wa vita wa kimo cha mtu

Kama unadhani kucheza vita ni mambo ya Wazungu peke yao, kumbuka beni. Tangu miaka ya 1890 pwani ya Kenya, kisha Tanga, Dar es Salaam na bara, vijana waliunda vyama vya ngoma vilivyoandamana kijeshi, vikiwa na bendi, sare, vyeo na bunduki za mti. Vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa unadhifu wa mstari na mkunjo wa suruali, na vita vya 1914 hadi 1918 vikalisambaza beni zaidi, likafuata askari na wapagazi kila walikopita. Wapaka rangi hubishana kuhusu kifungo. Wana-beni walikishona, wakakivaa, wakatembea nacho mbele ya wasichana. Sioni nani amewazidi wenzake.

Anayekosekana mezani

Fungua sanduku la askari wa vita vya Afrika Mashariki: ofisa mmoja, mpiga tarumbeta, bunduki ya rashasha na watu wake, askari kumi au ishirini. Mpagazi, ukimpata, mara nyingi yumo kwenye seti za wapelelezi wa karne ya 19, na pembe ya ndovu begani. Lakini vita hivi vilibebwa. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, magari yalizama kwenye matope, na kilichobaki ni kichwa cha mtu, mzigo wa kilo 25 hadi 30 juu yake. Kwa upande wa Waingereza na washirika wao inakadiriwa walitumika wapagazi milioni moja, na wanahistoria wanataja zaidi ya 95,000 waliokufa, wengi kwa njaa na maradhi. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina kwenye kambi yao, Carrier Corps. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, kazi ya James Alexander Stevenson iliyozinduliwa mwaka 1927, ina mtu mmoja wa shaba, na ni mwenye bunduki. Ya Nairobi, ya mchongaji huyo huyo, ina watatu, na mmoja wao ni mpagazi.

Ukitaka mchezo uwe wa kweli, basi, kila askari mmoja mezani afuatwe na wapagazi wawili au watatu, na sheria ya mchezo iseme: wakikosa chakula, kikosi hakisogei. Nina hakika wachezaji wengi wangechoka kabla ya saa sita mchana.

Mimi sina askari wa risasi. Nimefinyanga mpagazi mmoja kwa udongo wa kichuguu, kama tulivyofinyanga ng'ombe utotoni, kimo cha kidole cha shahada. Nimempa mzigo wa kijiti kilichofungwa kwa uzi wa katani na nguo ya kiraka cha kanga kilichochovywa kwenye maji ya mizizi ya mdaa. Rangi haikutoka kaki, ilitoka kama chai iliyokaa. Jioni saa kumi na moja, jua likiwa limelala na mwanga umelainika, nikamsimamisha kwenye udongo, nikalala kifudifudi na simu. Usikaribie sana, lenzi ya simu humvimbisha pua. Rudi nyuma kidogo, vuta picha mara mbili, uishushe simu hadi usawa wa macho yake. Mwenye kamera kubwa na afinye tundu la lenzi hadi f/11 hivi, ili mzigo wa kichwani na vidole vya miguu vyote viwe vikali kwa pamoja.

Kwenye kioo cha simu alikuwa mara tano ya ukubwa wake, na alama ya kidole changu ilionekana kifuani pake kama chale. Nilipiga tatu. Ya nne upepo wa kutoka Newala ukamwangusha, mzigo ukabiringika hadi chini ya mkorosho, ambao, kama nilivyosema, haukupaswa kuwepo.